Bapa, Leo Tumeiomba Ardhi ya Bigwa

Bapa,

Tumechimba! Leo asubuhi tumechimba kiwanja cha Bigwa, na tumekichimba kwa ibada, vile vile ulivyokuwa ukizifanyia nyumba za watu. Nakuandikia udongo ungali kwenye kucha. Mama ananiita nikale, nimemwambia anisubiri. Nikikaa bila kukueleza nitapasuka.

Tangu ulipotutoka masika mawili yamepita. Nimeolewa. Mume wangu anaitwa Poli, seremala, kazi alijifunzia misheni. Hukumwona, na hilo linaniuma, maana mngebishana juu ya fremu za milango kutwa nzima na mngefurahi sana. Mama mzima, ila goti linamsumbua. Bado tunapanga chumba kile kile karibu na soko. Ulijengea watu wa mji huu maduka na nyumba za mawe, sisi tukalala kwenye nyumba za watu. Sikulaumu, Bapa. Ulikuwa ukisema, "Mani, mimi hapa iko mgeni. Mgeni hana kiwanja."

Lakini mimi si mgeni. Baada ya mavuno Mjomba Mloka, kaka yake Mama, alishuka kutoka Kinole akasema mtoto wa dada yake ana haki katika ardhi ya ukoo. Akanipa kipande Bigwa, pale mlima unapoanza kuinuka. Usiku huo sikupata usingizi kwa furaha. Kulipokucha nikamwambia Poli, "Tutajenga, lakini hatugusi udongo mpaka tumeuomba ruhusa kama alivyokuwa akifanya baba."

Poli akanitazama. "Wewe si umebatizwa?"

"Nimebatizwa. Lakini baba yangu hakuwahi kupiga sururu kabla ya kuiomba ardhi radhi. Sitaanza mimi."

Akaendelea kupiga randa ubao wake, nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Haya. Jembe nitashika. Sala nitasali zangu." Ndipo nikazidi kumpenda.

Nikaenda hekaluni kumwona kuhani. Maharaji wa siku zako alirudi kwao. Huyu wa sasa ni kijana, ana miwani, hakukujua. Nikasema, "Ramram, Maharaji," nikamweleza haja yangu. Akaniuliza jina lako, nikamtajia. Akaniuliza mama yangu ni nani, nikamtajia pia. Hapo akafunga kitabu chake taratibu. "Ibada hii ni ya nyumba ya Kihindu," akasema. Hakusema kwa ukali, Bapa. Afadhali angesema kwa ukali, ningejua la kumjibu.

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka. Kumbe Kantaben yule mjane wa duka la vitambaa alikuwa amekaa pembeni akitunga maua. Akasema kwa Kiswahili, makusudi, ili nami nisikie:

"Maharaji, hiyo nyumba unayolala wewe, unajua nani alijenga? Baba yake huyu. Watu walimsema sana kwa sababu ya mama yake huyu. Siku ya karamu hapa hekaluni wakamkalisha mlangoni, peke yake. Kesho yake alfajiri nikamwona juu ya ngazi, anamalizia ukuta wenu."

Sikuwa najua habari ya karamu. Hukuniambia. Nilisimama pale nikishika kanga yangu kwa mikono miwili.

Maharaji akaniuliza, sasa kwa sauti nyingine, "Kwa nini unataka ibada hii?"

Nikamjibu ulivyonijibu mimi nilipokuuliza nikiwa mdogo. Nikasema chini ya udongo mna siafu na minyoo na mizizi, hawana kosa lolote, na sisi tunakwenda kuwavunjia makao ili tupate ya kwetu. Angalau tuwaambie. Tuombe radhi kwanza.

Akavua miwani akaifuta, akaivaa tena, akafungua kitabu. "Alhamisi. Saa mbili na nusu mpaka saa tatu na robo. Saa njema ni hiyo tu. Ikipita, hakuna nyingine mpaka mwezi ujao."

Na Poli Jumatatu anaondoka kwenda kwenye mashamba ya mkonge, ameitwa kazi ya miezi mitatu! Ilikuwa Alhamisi hiyo au tusubiri mpaka mvua zitukute.

Nilipompelekea Mjomba habari akajibu kwa neno fupi: sawa, ila ukoo uzungumze kwanza. Ardhi ina wenyewe, wazee waliotangulia; mtu mwingine akisema nao kabla ya ukoo, yeye kiwanja chake anakichukua. Unamjua Mjomba. Hatishi, anafanya.

Basi leo, Bapa. Saa moja tulishafika kiwanjani. Poli alikuwa amefyeka, amepigilia vigingi vinne na kuvuta kamba, na pembe zote nilizipima mimi kwa ile pima maji yako na ule uzi wako, mara tatu, mpaka akacheka. Kantaben alileta nazi, bizari ya manjano, ule unga mwekundu, mchele, samli na majani ya mwembe. Mama alikuja na mkongojo, akakaa juu ya jiwe. Maharaji akapanga vitu vyake kwenye pembe ya kaskazini mashariki, huku akiangalia saa.

Mjomba hayupo.

Saa mbili na nusu, hayupo. Saa tatu kasoro robo, hayupo. Kantaben akaanza kutembea huku na huku. Maharaji akaniambia, "Dada, tuanze." Nikamwambia bado. Poli akaninong'oneza, "Mani, saa inakwenda." Nikamwambia najua inakwenda! Nilitoka nikasimama katikati ya barabara ya kuja kutoka milimani. Niliwaza: nikianza, napoteza ardhi. Nisipoanza, naipoteza siku. Nikakuita, Bapa, kwa sauti kabisa, na mama mmoja aliyepita na kikapu cha mboga akanishangaa.

Ndipo nikamwona. Mzee mzima, suruali imekunjwa, matope mpaka magotini, kibuyu begani, anakuja mbio mbio kama kijana! Lori la ndizi alilopanda lilikwama matopeni, akaliacha, akatembea.

"Shikamoo Mjomba!"

"Marahaba, nipishe njiani. Wapi hiyo pembe?"

Hakupumzika. Akachuchumaa, akanyunyiza unga, akamimina maji ya kibuyu, akaanza kuwaita wazee kwa Kiluguru. Akamwita bibi, akamwita mama yake bibi, na wajomba waliotangulia, mmoja mmoja, kama anagonga milango. Akawaambia mtoto wenu anataka kukaa hapa, mpokeeni, msishtuke mkisikia jembe. Nikadhani amemaliza. Akamimina tena, akasema:

"Na wewe, Jivani. Ulikaa na dada yangu vizuri, na mimi sikukupa hata mahali pa kupanda muhogo. Njoo nawe. Hapa ni kwako."

Bapa! Amekutaja pamoja nao. Pamoja na wazee wa ukoo, kwenye udongo wao. Mama aliinuka pale kwenye jiwe bila mkongojo. Mimi nililia na kucheka kwa wakati mmoja, makamasi yakanitoka, sijali.

Maharaji akauliza mzee amesema nini. Nikamtafsiria: ameomba ruhusa, ameomba radhi, amemwita baba yangu. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Basi amenipunguzia kazi," na hata Mjomba akacheka.

Zilibaki dakika kumi na tano. Maharaji akasoma kwa haraka, lakini hakuruka kitu, nilikuwa namfuatilia. Mimi na Poli tukakaa upande kwa upande. Tukamimina maji na maziwa, tukapaka mawe matano bizari na unga mwekundu, tukaweka chombo cha shaba chenye maji, majani na nazi juu yake. Taa ya samli ilizimwa na upepo mara mbili, ya tatu ikakubali. Nazi ya kuvunja nilipewa mimi, nikaipiga jiweni ikapasuka pigo moja, katikati kabisa! Ungeona. Kisha Poli akafanya ishara ya msalaba, akashika jembe, akapiga. Udongo mwekundu ukafunguka, unanukia mvua. Saa tatu na dakika kumi na mbili.

Maharaji alimpaka Mama unga mwekundu kwenye paji la uso. Alisita kidogo kwanza, unajua mila zao, mjane hapakwi. Kisha akampaka. Mama hajaufuta mpaka sasa, anapakua chakula hivyo hivyo.

Naona nimekawia, ananiita kwa jina langu lote, na ukisikia "Monika" ujue hasira ziko karibu. Kwa hiyo kaa salama, Bapa wangu, popote Mungu alipokuweka, na usituwazie kwa huzuni. Kesho asubuhi tunaanza kupanga mawe ya msingi. Nakuahidi hivi: tukifika mlangoni, saruji ya kizingiti ikiwa bado mbichi, nitaandika jina lako kwa msumari, kwa herufi zako za Kigujarati, palepale watu wanapokanyaga wakiingia. Herufi ya pili bado inanishinda. Nitajifunza kabla Poli hajarudi.

Mwanao,
Mani