Slabu ya Tangi la Magunga

Baba Ouma,

Tangi la zahanati lilijaa jana, na slabu yako ya konkriti chini yake haijapasuka. Nimeanza na hilo kwa sababu ulikufa ukiliwaza. Sasa tulia usikie mengine.

Yule fundi wa Sindo aliyeletwa na kamati ya zahanati baada ya mazishi alitazama mchoro wako akacheka. "Dani, mzee alikuwa anajenga daraja?" Yeye alitaka unene wa shubiri moja na chuma safu moja. Nikamwuliza, wewe unayeniita dani kama nyanya yako, umewahi kuona udongo wetu mweusi ukifura mvua ikija? Akaufungua tena mchoro.

Lakini na wewe ulikosa. Tepu yako ya kupimia ilikuwa imekatika, nawe mgonjwa, ukaandika kwenye karatasi ya mchoro, "unene: mkono wa Mama Ouma." Kwani mkono wangu unauzwa dukani? Kamati ikabishana siku nzima, kila mtu akinyoosha wake. Mwishowe nikaingia shimoni mwenyewe, nikapiga magoti, nikasimamisha mkono kwenye ubao wa kando wa kuzuilia konkriti, kiwiko chini, kidole cha kati juu. Wakapiga msumari hapo kuwa alama ya unene. Usiseme sikukusaidia.

Chuma tumeweka safu mbili, ya chini na ya juu, kama ulivyokuwa ukiniambia nikikufungia chuma kwa waya: tangi likijaa linasukuma chini, udongo ukifura unasukuma juu. Nilidhani sikusikilizi. Kumbe.

Halafu magunia juu ya konkriti, kuyalowesha wiki mbili ili isikauke haraka. Zamani nilikutukana ukinituma kumwagilia konkriti maji kama kabichi. Safari hii mimi ndiye niliyewatuma akina mama, nao wakanitukana. Nilifurahi.

Jana walipofungulia maji sikula. Nilikaa pale tu. Ingepasuka, wangesema ni karatasi ya mgonjwa, na jina lako... Basi. Jioni nilizunguka nikipitisha kidole kwenye kingo zote nne. Hakuna ufa. Yule fundi alinisalimia kwa mikono miwili.

Simiti iliyobaki walinipa. Leo asubuhi nimepigisha kaburi lako konkriti, unene wa vidole vinne tu. Usinune, wewe hubebi tangi.

Kwaheri, mume wangu. Kila asubuhi nikienda kuteka maji nitapitisha kidole tena, mpaka nguvu ziniishe. Nikikuta ufa nitakuja hapo kaburini, na utanisikia. Nisipokuja, lala.

Mama Ouma