Siku Ambayo Sikushuka Mulangoni Kwako

Kasongo, siku ya soko, 1956

Kwa Yaya yangu Amisa, dada yangu mukubwa, huko Wamaza.

Nakuamkia, Yaya, na kupitia kwako namuamkia Mama. Ninamushika miguu yote miwili, ule unaouma na ule unaousaidia unaouma. Je, mumeamkaje huko? Mupunga umetoa? Mbuzi mwenye pembe moja amezaa, au bado anawadanganya?

Mimi ni muzima, na nikiwa muzima mimi, Kasongo yote iko muzima, maana unajua bila mimi hapa hata tarumbeta ya Bulamatari, serikali ya wazungu, hailii kwa wakati wake. Juzi Bwana Kumisa mwenyewe, mukubwa wa serikali hapa, alisimamisha motokari yake katikati ya barabara kwa kuniona. Wenye husuda wanasema alisimama kwa sababu mbuzi zangu zilikuwa zimelala njiani. Waache waseme.

Na wewe Cécilia, binti wa katekista, najua ndiwe unayemusomea Yaya barua hii. Soma polepole. Ukifika mahali nitakapokuambia umukalishe chini, umukalishe.

Yaya, maneno uliyomupa Atumani, yule muchuuzi wa chumvi mwenye baiskeli, yamenifikia yote, hakuna hata moja lililomwagika njiani. Alinisimamia sokoni, mikono kiunoni, akayasema kwa sauti yako kabisa mupaka watu wakaacha kununua mihogo. Eti mudogo wako Lukumani amefika Wamaza na kamioneti, gari la muzigo la jamaa yetu yote, amesimama mulangoni kwako jua likiwa utosini, hakushuka. Amekusalimia kwa dirisha kama muzungu wa kupima pamba, amekutupia kifurushi cha samaki, ameondoka. Eti kiti cha kamioneti kimeninasa matako. Na kwamba Mama amesema heri muguu uozee nyumbani kuliko kubebwa na mutoto asiyeshuka kumupa mukono, kwa hiyo hapandi mupaka nimeeleza sababu. Na tena kwamba gari langu kwa mutikisiko wake limekuharibia mulango: unaufunga na kijiti, jioni na asubuhi, na kila ukigeuka unaukuta wazi.

Yale ya matako nilicheka. Hilo la mulango sikucheka.

Muganga wa hospitali amesema Mama asipoletwa kupigwa sindano kila juma, muguu utafika mahali pa kukatwa. Gari tumelinunua kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya mupunga, na kwa kupeleka watoto shule na mafuta ya muke wangu sokoni. Likikaa hapa uani bila Mama kupanda, tumenunua banda la kuku lenye magurudumu. Kwa hiyo nitaeleza, lakini nitaanzia kwenye shina.

Mulinichagua mimi kutafuta kamioneti, na mulichagua vizuri. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa, lakini masini nazisikia kama mama anavyosikia mutoto wake. Siku moja motere ya meli ilikufa pale Nyangwe, mafundi wa kizungu wakakaa chini kulia. Mimi niliiwekea sikio tu, haikuguswa hata kwa spana, ikaona haya ikawaka.

Kamioneti zilizokuwa zinauzwa ni mbili. Moja ya buluu, ya muchuuzi wa njia ya Nyangwe. Kutu ilikuwa imeila, mulango unafungwa kwa kamba, lakini motere ilikuwa inaongea vizuri na nyuma ilikuwa imesimama sawa. Ya pili ya kijani, ya Mugiriki mumoja aliyekuwa anabeba wafanyakazi wa machimbo, naye alikuwa anarudi kwao. Mipira yake mipya, viti vizuri, na klaksoni, Yaya, klaksoni inalia kama ndovu aliyefiwa. Ubao wa nyuma ulikuwa umesuguliwa kwa sabuni na majivu mupaka umekuwa mweupe kama meno. Nikasema moyoni, huyu Mugiriki ni mutu wa usafi.

Jambo moja tu lilinishangaza. Gari lilikuwa tupu, na mukia wake umekaa chini kama kuku anayeatamia. Nikamuuliza shofere wake, Zéphirin, mutu wa maneno machache, kama zile resori, vyuma vya chini vinavyobeba muzigo, zimechoka. Akasema, hapana Muzee, hazijachoka, ziko zinabeba. Nikamuuliza zinabeba nini na nyuma hakuna kitu. Akasema ndiyo, nyuma hakuna kitu. Nikadhani ni utani. Nikacheka, nikalipa.

Safari ya kwanza ndiyo ile ya kuja kwenu. Volani ya kuongoza gari nilishika mimi, Zéphirin, niliyemuchukua pamoja na gari, akikaa pembeni anione ninavyofanya, apate kujifunza. Tulipofika daraja la Lulindi, motere ikanyamaza. Haikukohoa, haikutoa moshi. Ilinyamaza kama mutu aliyeulizwa neno. Nilifungua kapo, kile kifuniko cha motere, nikafanya yote ninayojua, na ninayojua ni mengi. Hakuna. Ndipo Zéphirin akavua kofia, akaenda nyuma, akasimama mbele ya ubao mutupu na kusema kwa adabu, kama anasema na wakwe: Tumefika Lulindi. Haya maji ni Lulindi. Tunavuka sasa, musibaki. Akazungusha manivele, kile chuma cha kuamusha motere, mara moja tu, motere ikawaka.

Yaya, unajua desturi, sina haja ya kukufundisha. Maiti akirudishwa kwao, ndugu anakaa naye na kumutajia kila muto na kila njia panda, asije akabaki katikati hajui njia. Tulipomutoa Baba hospitali ni wewe uliyekaa naye, ukafika nyumbani huna sauti. Shehe alikunja uso, lakini kwenye muto wa mwisho niliona midomo yake nayo inatikisika.

Sasa Zéphirin akanieleza. Wagonjwa wa machimbo walikuwa wanaletwa hospitali kwa kamioneti hii, na wengi walikata roho njiani, au walirudishwa kwao wamefunikwa. Mugiriki aliketi mbele na haraka yake, akakataza watu kusimama kwenye maji kusema na maiti. Alisema ni upumbavu unaokula petroli. Basi miili ikashuka kila mumoja kijijini kwake ikazikwa, na isiyojulikana ya wapi ikazikwa kando ya njia. Wenyewe hawakushuka. Hawakuambiwa wamefika.

Mutu mwingine angeliacha gari palepale darajani akarudi kwa miguu. Mimi si mutu mwingine. Nilisema: Zéphirin, watu hawa wamepata sasa shofere mwenye heshima, tutawapeleka kwao. Sauti yangu ilikuwa nzito.

Tukaanza kwenda na kutaja. Kila kijiji Zéphirin anapunguza sauti na kuuliza nyuma: nani ni wa hapa? Vijiji vingine kimya. Kisha kwenye kijiji kimoja chenye michikichi, mukia wa gari ulinyanyuka taratibu, kama ng'ombe anayesimama. Hakuna aliyeruka, hakuna vumbi. Lakini kuku waliokuwa njiani walijigawa huku na huku, wakaacha njia katikati, na njia ile ikaenda mupaka kwenye nyumba moja. Pale mwanamuke alikuwa anatwanga. Muchi ukabaki juu mikononi mwake. Aliangalia njia tupu, akaweka muchi chini, akaingia ndani, akatoka na sahani nyingine.

Nasi hatukupiga klaksoni.

Ikawa hivyo kijiji kwa kijiji. Pengine mbwa alitikisa mukia kwa hewa. Pengine mutoto aliyekuwa analia alinyamaza na kunyoosha mikono abebwe. Na gari likawa linapata wepesi mupaka nikaona volani inacheza mukononi. Tulipofika kivuko cha Luama, nilisema tumemaliza. Mwenye kivuko akaangalia maji yalivyopanda ubavuni, akasema kwa Kibangubangu kwamba yule aliyekaa nyuma asogee katikati, analemeza upande. Nyuma hakukuwa na mutu.

Ng'ambo ya Luama Zéphirin alishuka. Alisema hapa ni ukweni kwake, atanisubiri. Nilimuambia ukwe gani huo wa ghafula. Akaniangalia, akasema: Muzee, huyu mumoja nimemutajia vijiji vyote toka Kasongo na hajaitika. Sauti yangu si ya kwao. Labda anangoja sauti ya jamaa yake. Nikamuuliza jamaa yake nani. Akachukua kofia yake, akashika njia ya ukweni.

Basi nikaja peke yangu, muchana, jua kali, barabara nyeupe, hakuna hata ndege. Kwenye kijito kile kabla ya Wamaza, ambapo munaloweka mihogo, motere ikanyamaza. Nikashuka, nikaenda nyuma. Nikasema haya maji ni ya kwetu, tunavuka, usibaki. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mbuzi. Motere ikawaka, Yaya, na manivele ilikuwa bado chini ya kiti.

Cécilia, mukalishe Yaya sasa. Kama ana kitu mukononi, mupokee.

Yaya, tangu Musafiri mume wako aondoke kwenda machimbo umekataa matanga. Ulisema hakuna mutu aliyeona kaburi, na bila kaburi huwezi kukaa eda wala huwezi kuolewa, uko tu. Kikombe chake kiko juu ya rafu kimeinamishwa mudomo chini, kila Ijumaa unakiosha.

Siku ile nilisimamisha gari mulangoni kwako motere ikiwa inanguruma. Ulitoka jikoni uani na unga mikononi, ukiwa umegeuka kuwakaripia watoto waliokuwa wanaparamia magurudumu. Nilikuwa nimeshika kitasa nishuke. Ndipo nyuma ya kisogo changu, kwenye ubao mutupu, mutu alisafisha koo. Kavu, fupi, kisha tena fupi. Unajua ni nani aliyekuwa anasafisha koo hivyo. Musafiri hakupiga hodi hata siku moja nyumbani kwake. Alisema mutu hapigi hodi kwenye nyumba aliyoiezeka mwenyewe, anasafisha koo tu, muke anajua aweke maji.

Wewe hukusikia, motere ilikuwa inapiga kelele. Lakini mukia wa gari ulinyanyuka kwa nguvu, kichwa changu kikagonga paa. Kuku wako walijigawa. Na mulango wako, uliokuwa umefungwa na kijiti, ulifunguka wote, polepole, kama unavyofunguliwa na mutu anayejua mahali unapokwama. Uligeuka ukasema upepo huu una adabu gani. Yaya, siku ile hakukuwa na upepo. Jani la mugomba halikutikisika.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Sikuambii uvae nyeupe, sikuambii ukae eda. Nenda kwa shehe, mueleze, yeye ndiye mwenye kusema. Wala mulango sitauletea fundi. Ninakuomba tu usiongeze kijiti kingine. Na kile kikombe, kama roho yako inakubali, kisimamishe.

Kamioneti sasa imesimama sawa kama ile ya buluu. Tangu siku ile imevuka Lulindi kwenda na kurudi bila kukohoa. Mimi naendelea kutaja mito, si kwa woga, ni kwa heshima tu. Kwa hiyo Mama apande. Nitamupeleka mimi, na Zéphirin pembeni anajifunza. Huyo amesema ukweni kwake wamemuchoka.

Munisalimie wote, watoto wote wanaoniita Mujomba na wale wanaoniita jina lingine nikishapita. Muke wangu anamusalimia Mama, amemuwekea mafuta ya mawese ya kuchua muguu. Mungu awalinde, alinde na nyumba, na waliorudi ndani yake.

Nilitaka kuweka jina langu hapa. Lakini ninamujua Mama. Atasema hayo yote ni ya nyuma ya kamioneti, na ya mbele je? Mutu akisikia shemeji yake amefika, si ndiyo sababu zaidi ya kushuka? Mama ana haki. Nami nilisema nitaeleza.

Cécilia, hapa usicheke.

Yaya, unakumbuka nilikuwa nimevaa ile suruali nyeupe niliyoshonewa kwa kuja kuonyesha gari. Koo lile liliposafishwa nyuma yangu, kibofu hakikuniomba ruhusa. Suruali ililowa, kiti kililowa, na watoto wa Wamaza yote walikuwa wamezunguka mulango wa gari wanangoja kumuona Mujomba anashuka. Nikakutupia samaki, nikaondoka.

Muambie Mama kiti nimekisugua kwa sabuni na majivu mupaka kimekuwa cheupe. Akae bila wasiwasi.

Ni mimi mudogo wako,
Lukumani