Swali la Damari

Ilula, 9 Agosti 1957

Kwako Kaka Saulo,

Salamu nyingi huko Mbeya. Sisi tu wazima, ila baridi imetubana. Blanketi lako limefika. Mama amelifungia sandukuni, anasema ni la wageni.

Shuleni tumeletewa muhtasari mpya wa dini. Zamani watoto walikariri katekisimu tu. Sasa tumeagizwa tuwaache waulize. Jumatatu niliwaacha. Damari, mtoto wa miaka kumi, akasimama: "Mwalimu, babu alikufa bila ubatizo kwa kuwa alikataa kumwacha mke mdogo. Yuko wapi?"

Nikamkumbuka babu yetu mzaa mama, aliyekufa vivyo hivyo. Nikajibu, "Sijui, mwanangu. Mungu anajua."

Kesho yake akaja baba yake, mzee wa kanisa. "Binti, mimi nilimwambia baba yangu kitandani kwamba amepotea. Akafa ananitazama. Leo wewe unasema hujui?"

Sasa wazee wa kanisa wameniamuru Jumapili ya wiki ijayo nisimame mbele ya usharika, niseme nilikosea, kwamba wote waliokufa bila ubatizo wamepotea. Nikikataa, nafukuzwa kazi.

Kaka, naogopa kufukuzwa, lakini naogopa zaidi kwamba nitasema. Sauti yangu naijua, huwa inatii.

Mama hajui. Amesikia tu kwamba nitazungumza kanisani. Leo amelitoa blanketi sandukuni. Anasema atajifunika aketi benchi la mbele, na anatamani marehemu baba yake angekuwepo anisikie.

Niombee Jumapili hiyo, kabla ya kengele ya pili ya kuingia ibadani.

Mdogo wako,
Lusia