Ukurasa Uliobanwa kwa Pini

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa Kijino kaniita shuleni. Eti binti yangu hajui kusoma, na asipobadilika atarudia darasa. Nimembishia! Kila jioni ananisomea kile kitabu cha bata, mwanzo hadi mwisho, hasiti hata mara moja. Mwalimu hakubishana. Kaniambia taratibu: baba, siku moja mfunikie maneno.

Nimerudi karakana nikachomelea bawaba za geti upande usio wake.

Jumanne, 5 Machi

Nimemfunikia mstari kwa kiganja. Kaendelea. Nimefunika ukurasa mzima — kaendelea! Na pale bata wanapovuka barabara, kakohoa. Hana mafua. Ni mama yake aliyekuwa akikohoa pale, miezi ile ya mwisho, akimsomea kitandani. Mtoto kakariri mpaka kikohozi.

Nimetoka nje, nikajifanya nakaza bomba.

Alhamisi, 7 Machi

Dada yangu kaja. Mdomo wake hauna likizo. Kasema: kificheni hicho kitabu, nunueni kipya, mtoto atazoea. Nimemsikiliza, nikakitupa juu ya kabati.

Kijino hakulia. Kakaa na kitabu kipya mapajani, hakukifungua, mpaka chakula kikapoa. Halafu kauliza: baba, sasa mama atanisomea wapi?

Nimekishusha. Nimechoka, na naogopa. Nikimwachia, hatajua kusoma. Nikimnyang'anya, namnyang'anya mama.

Jumamosi, 9 Machi

Sijaenda kazini. Tumekaa mkekani, mimi na kalamu yangu, yeye na bata wake. Leo nimekikagua kitabu jani kwa jani. Katikati, kurasa mbili zimebanwa kwa pini yenye kichwa chekundu. Pini ya cherehani! Mke wangu alishona, nami nilizikanyaga pini hizo miaka yote ya ndoa yetu.

Nimemuuliza Kijino. Kasema, mama alisema hapo hapana kitu, paruke tu.

Basi ndio ukurasa pekee ambao hajaukariri. Nimemwambia hapa tutasoma mimi na wewe. Pini kaichomoa mwenyewe, kaichomeka kwenye ukosi wa shati langu — kama mama yake alivyozoea.

Nimechungulia mstari wa kwanza. Nikaelewa kwa nini mwenzangu aliubana. Nilitaka kukifunga kitabu, lakini kidole cha Kijino kilishatua kwenye herufi. Na anasoma! Anasoma kweli! Anajikwaa, anarudi, anajikwaa tena. Hakuna wa kumwiga hapa. Naandika ili mikono yangu isimzuie.

"Ma-ma... ba-ta..."

Kanitazama. Nimemwitikia kwa kichwa, endelea mwanangu.

"Ma-ma ba-ta... ha-ku... ru-di."