Gauni la Dada Nimelifua

Shoga, mkono unavuja damu, naandika kwa kidole kimoja. Mtoto wa marehemu dada amenichoma mkasi!

Nilitaka kumfurahisha tu. Nikachukua lile gauni la mama yake nimpunguzie alivae. Unanijua mimi na ufundi wangu, sikati kitambaa kabla sijakifua.

Nikalifua, shoga. NIKALIFUA.

Akalipokea, akalinusa. Akalinusa tena. "Mama mdogo, umemfua mama! Hayupo tena!" Hapo wazimu ukampanda. Pasi ya moto ikapita sikioni kwangu, kioo cha wateja kikawa vipande, mkasi ukaingia kiganjani. Ana miaka minane tu!

Unajua nani aliingia? Jino! Yule binti anayeng'ata watoto wa mtaa mzima, niliyemtimua juzi kwa ufagio. Si unakumbuka baba yake alizikwa mwaka jana? Akamrukia mwenzake akamkumbatia. Akapigwa ngumi za uso mpaka mdomo ukapasuka, na safari hii hakung'ata. Alimshikilia tu mpaka yule akachoka.

Kisha akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo matatu. Ndani mna soksi moja ya baba yake, haijafuliwa tangu afe.

"Nikifungua sana ataisha," akasema, huku anafungua. "Lakini nusa wangu."

Mpwa wangu akanusa. Ndiyo analia sasa, shoga, mara ya kwanza tangu mazishi. Mimi nimesimama hapa na damu yangu, sithubutu hata kukohoa.