Hatuuzi Nyama

Jumanne, Majengo

Na kwa laptop yangu tovuti ilikuwa imekaa vizuri kabisa.

Mama Zuhura mwenye bucha alifungua leo ile tovuti niliyomtengenezea. Simu yake ameiwekea herufi kubwa kwa sababu macho yamechoka. Juu kabisa niliandika, "Hatuuzi nyama isiyo halali." Kwake mwisho umekatika, kumebaki "Hatuuzi nyama." Wateja wa rika lake, nao wenye herufi kubwa, wanamuuliza kama amefunga.

Nilikasirika, nikamwambia apunguze herufi.

"Nikipunguza herufi, kijana wangu, macho utaniongezea wewe?"

Nimerekebisha jioni yote. Maneno sasa yanaonekana yote, lakini kile kitufe cha kuagiza kimesukumwa nje ya skrini.

Kwa hivyo tunauza nyama, ila hakuna pa kuinunua.