Mwalimu Asiyesimama

4 Machi

Kifungua mimba wangu,

Hujambo mwanangu? Kifua kimepoa? Mimi sijambo, ila miguu. Ikifika jioni inakuwa kama si yangu.

Hapa kwenye dobi la hospitali wametuletea makubwa. Msimamizi kasema mwisho wa Juni, asiye na cheti cha usafi wa nguo za wagonjwa hatagusa mashine tena, akatafute kazi kwingine. Miaka kumi na tisa nafua mashuka yao, leo naambiwa nikasome! Na masomo yenyewe ya kwenye simu. Kuna video, unatazama ukipata nafasi. Halafu Jumanne na Ijumaa saa nane mchana mwalimu yuko hewani mwenyewe, majina yanaitwa. Ukikosa mara tano, umetoka.

Video nazipenda. Mwalimu akinikimbia namgusa kwa kidole, anasimama mdomo wazi, naenda kuepua chungu, narudi, namruhusu aendelee. Hata baba yako hakuwahi kunitii hivyo.

Lakini saa nane ndiyo saa yangu ya kupumzika. Nikikaa tu, usingizi. Nimeshakosa mara mbili.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Kifua kimepona, usiwaze. Huku kwenye kituo cha wazee ninakofanya kazi, watatu wameugua, tunawakesha kwa zamu, ndiyo maana naandika kwa ufupi.

Mama, video haijui kama umeelewa. Itazame alfajiri kabla ya kazi, andika kinachokukwama, ukakiulize siku ya darasa. Na yule Bi Pasi mwenzako akuamshe saa nane. Si anapenda kusumbua watu?

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Unakula? Nisamehe kukaa kimya, ni aibu. Sasa nimekosa mara nne. Siku moja mashine ilimwaga maji dobi zima. Ya pili, Bi Pasi aliniamsha, nami nikajifanya sijasikia.

Si uchovu peke yake. Mle darasani sioni sura, majina tu, na vijana wanajibu upesi upesi. Mimi niliishia darasa la nne. Nikiulizwa nitasema nini?

Mama yako

5 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hilo darasa la nne ndilo lililonifundisha kusoma, wewe ukinichorea herufi kwa mkaa wa kuni zako jikoni. Ingia Ijumaa. Usiposema neno, sawa, lakini ingia.

Binti yako

18 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Salama? Mimi nipo, japo nimejidhalilisha.

Niliingia. Mwalimu akaanza mbio zake, nami, kwa uchovu, nikamgusa kwa kidole kama kawaida. Hasimami. Nikamgusa tena. Ndipo nikamwambia, "We baba, hebu nyamaza kidogo! Unaongea kama unakimbizwa na mbwa! Hata maji hunywi?"

Kumbe kidole changu kimefungua sauti. Watu arobaini wamenisikia.

Mwalimu kakatiza somo. Kisha, "Nani huyo mwenzangu?"

Nilitaka kuzima simu. Lakini nikizima, ndiyo mara ya tano. Nikasema, "Ni mimi, mama wa dobini. Nisamehe, nilidhani wewe ni yule wa video."

Walicheka mpaka simu ikakwaruza. Naye kacheka, kasema mwezi mzima anafundisha majina matupu, hajui kama anaongea na watu au na ukuta. "Haya mama, nimesimama. Kipi hakikueleweka?"

Nikafungua daftari. Shuka lenye damu mimi huanza na maji baridi, na yeye anasema maji ya moto ndiyo yanaua vijidudu. Je, miaka yote nakosea? Kasema sikosei: baridi kwanza damu itoke, moto baadaye. Kijana mmoja kasema, "Hata mimi sikuelewa, niliogopa kuuliza."

Video, mwanangu, ni kufua kwa mkono, unasugua mpaka doa litoke. Darasa ni mashine, ikianza haikungoji. Nimeona navihitaji vyote viwili. Lakini nachoka, nisikufiche. Naamka saa kumi na moja, na mchana silali tena.

Mama yako

28 Juni

Mwanangu,

Habari za kazi? Wazee wanaendeleaje?

Cheti kimefika leo asubuhi. Msimamizi kanipa mkono mbele ya wote, kasema mashine yangu ni yangu. Bi Pasi kapiga kigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia dirishani. Nikakaa kwenye furushi la mashuka safi, nikisema nipumzike kidogo.

Waliniacha nikalala mpaka zamu ikaisha.

Mama yako